Kuhakiki miswada ya majarida: mwandishi halipi, mhakiki halipwi, tunategemea nini?

Mzee wa Kalamu Nyekundu (mleta uzi)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutakasirikiana.

Ijumaa iliyopita saa kumi na moja jioni nipo ofisini na rundo la vitabu vya majibu ya mtihani, 140 na ushee, matokeo yanadaiwa Jumatano. Ikaingia barua pepe ya mhariri wa jarida fulani la nje: naombwa kuhakiki mswada, yaani kuusoma na kumshauri mhariri kabla haujachapishwa, ndani ya siku 21. Kurasa 41, bei ya korosho na mfumo wa stakabadhi ghalani kusini mwa Tanzania. Nikasema nichungulie tu. Ukurasa wa tatu nikakuta "Mtawara" badala ya Mtwara. Nikaweka kalamu chini. Kosa hilo nalifahamu. Mwezi Machi jarida lingine kabisa lilinitumia mswada huohuo, nikautolea Jumapili mbili, nikaandika kurasa nne za maoni: jedwali la pili halijumlishi, wakulima waliohojiwa wote ni wale waliohudhuria mkutano wa AMCOS (chama chao cha ushirika), bei za mnada zimelinganishwa na bei za kangomba, ule ulanguzi wa nje ya mnada, za msimu mwingine. Ukakataliwa. Sasa umeingilia mlango wa pili. Jedwali bado halijumlishi, kangomba bado ni ya msimu mwingine, na Mtawara yupo palepale.

Nilikasirika, halafu uchumi ukanirudia kichwani. Yule mwandishi hajakosea hesabu hata kidogo. Kurekebisha kungemla mwezi mzima, kuutuma ulivyo kunamla dakika kumi za kujaza fomu. Pengine huku atakutana na wahakiki waliochoka, ukapita. Bahati nasibu ni yake, tiketi nanunua mimi na wenzangu wawili nisiowajua. Ni kiwanda kinachomwaga maji machafu mtoni, halafu bili ya kuchuja wanaletewa wanaochota huku chini.

Na msiniambie ni kazi ndogo ya kujitolea. Mwaka 2021 Balazs Aczel, Barnabas Szaszi na Alex Holcombe walipiga hesabu wakakuta kwamba mwaka 2020 pekee wahakiki duniani walitumia zaidi ya saa milioni 100, sawa na zaidi ya miaka 15,000 ya mtu mmoja. Muda wa wahakiki wa Marekani tu ulikuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 1.5. Mzigo wenyewe hauko sawa kwa wote. Utafiti mwingine, wa 2016, ulikuta katika sayansi za tiba asilimia 20 ya watafiti ndio wanaofanya kati ya asilimia 69 na 94 ya uhakiki wote. Sasa angalia ng'ambo ya mto: mwaka 2010 kitengo cha sayansi cha Elsevier, wachapishaji wakubwa wa majarida, kilipata faida ya pauni milioni 724 kwenye mapato ya pauni bilioni 2 na kidogo. Hiyo ni asilimia 36. Muuza mitumba wa Karume akipata asilimia hiyo mwaka hadi mwaka TRA watahamia dukani kwake.

Hoja yangu ni hii. Wahakiki si wavivu kuliko zamani. Kinachokosekana ni bei. Wanaikolojia wawili, Jeremy Fox na Owen Petchey, walipendekeza dawa mwaka 2010: iundwe sarafu ya uhakiki. Kutuma mswada mmoja kunakula vipande vitatu, kuhakiki mswada mmoja kunakupa kipande kimoja. Mtu asiyewahi kuhakiki hana cha kulipia. Mama zetu wanaucheza mchezo huu kila mwezi, unaitwa upatu. Hakuna anayekuja kupokea fungu bila kuwa ametia.

Karibuni mnipinge.

Nipo Jirani

Nimekaa mkao wa kula. Wajuzi waje.

Binti Maabara

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu, biolojia, na kwa heshima zote huo upatu wako unanifungia mlango.

Nianze vipi? Sijawahi kuombwa kuhakiki hata mara moja, kwa sababu wahariri hawanijui, na hawanijui kwa sababu sijachapisha. Kuchapisha unataka vipande vitatu. Kwenye upatu wa mama mtu mpya anaingia na hela yake ya kwanza kutoka popote, hata ya kukopa. Hii sarafu yenu inatoka kwa mhariri tu, naye anawaita anaowafahamu.

Na si mimi peke yangu. Publons, wale waliokuwa wakiweka kumbukumbu za wahakiki, walitoa ripoti mwaka 2018. Watafiti wa nchi zilizotangulia kisayansi huandika karibu uhakiki 2 kwa kila mswada wanaotuma, wa nchi zinazochipukia karibu 0.6. Ukisoma haraka utasema sisi ndio wadoezi. Lakini ripoti hiyohiyo inaonyesha wa nchi zinazochipukia wakiombwa hukubali mara nyingi zaidi na hurudisha mapema zaidi. Tatizo ni kuitwa.

Mswada wangu wa kwanza ulikaa miezi tisa. Maoni ya mhakiki wa pili yalikuwa mistari miwili, mmoja ukisema Kiingereza kifanyiwe kazi. Miezi tisa! Mtu anabeba mimba anazaa. Sasa swali langu ni jepesi: kwa nini wasilipwe hela tu waifanye kazi kwa wakati?

Mzee wa Kalamu Nyekundu

Marahaba binti yangu. La mtu mpya umenibana kweli, nitalirudia.

La hela lina majaribio. Raj Chetty, Emmanuel Saez na László Sándor walilifanyia kazi kwa wahakiki 1,500 wa jarida moja la uchumi wa umma, matokeo yakatoka 2014. Waligawa makundi manne. Kundi la kwanza walipewa wiki sita kama kawaida. La pili wiki nne. La tatu wiki nne pamoja na dola 100 ukiwahi. La nne wiki sita, ila wakaambiwa muda wanaotumia utabandikwa hadharani na majina yao.

Kufupisha muda peke yake, bila senti, kulishusha muda wa kati wa uhakiki kutoka siku 48 hadi 36. Yaani watu wote tulikuwa tunaanza kazi wiki ya mwisho, usogeze mwisho usogee na sisi. Dola 100 zikapunguza siku nane zaidi. Kubandikwa hadharani kukapunguza siku mbili na nusu hivi, lakini tazama utamu wake: maprofesa walio na ajira ya kudumu hawakutikiswa sana na hela, wakatikiswa na kubandikwa. Mtu mzima ana mshahara wake, aibu bado anaiogopa.

Kwa hiyo ndiyo, hela inaharakisha.

Wa Kenyatta Avenue

Hapo kwa pesa mwalimu nenda polepole. Kuna kisa cha Haifa, Israeli, kila mwanafunzi wa uchumi anakijua. Uri Gneezy na Aldo Rustichini walikuwa na shule za chekechea ambako wazazi walichelewa kuchukua watoto. Wakaanzisha faini ya shekeli 10. Wazazi waliochelewa wakaongezeka, karibu mara mbili! Kwani faini imekuwa nauli: nimelipa, nichelewe vile nataka. Na walipoiondoa, tabia haikurudi. Hiyo ndiyo inauma. Ukishamwonyesha mtu bei ya wema wake, huwezi kumwambia asahau.

Leo nahakiki kwa sababu profesa wangu alihakikiwa, na mimi nilihakikiwa. Ukianza kuniletea dola 50 nitauliza, kwani saa yangu ni dola ngapi? Nikijua ni dola 30, kazi ya saa sita utaikosa. Afadhali uniombe bure nikupe yote.

Ingawa, kusema kweli, hao wachapishaji pia wametuzoea vibaya. Septemba 2024 Lucina Uddin, mwanasayansi wa ubongo pale UCLA, aliwapeleka sita wakubwa kortini New York, dai moja likiwa wamekubaliana wahakiki wasilipwe, lingine hii sheria ya kutuma mswada kwa jarida moja tu kwa wakati. Hiyo ya pili haizungumzwi vya kutosha. Mnunuzi mmoja anashika mzigo wako miezi tisa na huruhusiwi kuuonyesha mwingine, soko gani hilo? Majarida ya sheria ya Marekani yanakubali utume kwa wengi pamoja, na dunia haijaanguka.

Mzee wa Kalamu Nyekundu

Ndugu wa Nairobi, Haifa naijua, lakini hao kina Chetty waliliangalia hilohilo. Walipositisha dola 100, waliokuwa wakilipwa hawakuwa wabaya kuliko walivyokuwa kabla. Hawakununa. Chekechea na jarida si kitu kimoja.

Kutuma kwa wengi pamoja kuna shimo lake. Mswada mmoja unapelekwa majarida matano, wahakiki kumi na watano wanausoma, mmoja unachapishwa. Kwa mwandishi ni nafuu, kwangu mimi ni Mtawara mara tano kwa wiki moja.

Na miezi tisa ya binti si ajali. Kuna mchumi anaitwa Ofer Azar aliandika mwaka 2007 kitu kilichoniudhi kwa sababu kina ukweli: ucheleweshaji unafanya kazi ya bei. Kama kutuma ni bure na jibu linakuja baada ya wiki, kila mtu atajaribu jarida kubwa kwanza kwa mswada wowote. Foleni ndefu inawafanya wengine wajipime. David Card na Stefano DellaVigna walihesabu majarida matano makubwa ya uchumi: kati ya 1990 na 2012 miswada inayotumwa ilikaribia kuongezeka maradufu, makala zinazochapishwa nazo zilikuwa zimeshuka kutoka 400 hivi kwa mwaka mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 300, kukubaliwa kukatoka asilimia 15 hadi 6. Hapo bei lazima ijitokeze mahali. Isipojitokeza kwa hela, itajitokeza kwa muda. Na muda ni bei inayomuumiza kijana mwenye mkataba wa miaka mitatu, profesa aliyekwisha panda anaweza kungoja hata miaka miwili huku akinywa kahawa.

Ndiyo maana majarida mengi ya uchumi na fedha hutoza ada ya kutuma. Kwa mtu wa Boston si kitu. Kwa sisi, dola mia mbili kutoka mfukoni kwa mswada ambao uwezekano wake wa kukataliwa ni mkubwa, hiyo ni ada ya muhula ya mtoto. Sarafu ya uhakiki inanipendeza kwa hilo: mtu wa Dodoma na mtu wa Boston wote wana saa 24.

Dkt wa Mchongo

Nyie watu mnanichekesha. Mnajadili bei ya bidhaa ambayo hakuna anayeweza kuipima.

Niambieni, mhariri anajuaje kama nimehakiki au nimepitisha macho? Ripoti yangu ina kurasa mbili, ina maneno "mbinu zifafanuliwe zaidi" na "fasihi ya hivi karibuni iongezwe". Hayo yanafaa mswada wowote uliowahi kuandikwa chini ya jua. Ukinilipa dola 100 kwa kila ripoti, nitaandika tano kwa siku. Siku hizi wala siandiki, namtupia ChatGPT. Kuna watafiti walichunguza maoni ya wahakiki kwenye mikutano mikubwa ya akili unde ya 2023 na 2024, wakakadiria kati ya asilimia 6.5 na 16.9 ya maandishi yalikuwa yametengenezwa au kubadilishwa sana na mashine. Hapo hawalipwi. Walipeni sasa muone.

Na mchongo haukuanza na mashine. Mwaka 2012 iligundulika kuwa Hyung-In Moon wa Korea Kusini alikuwa akipendekeza wahakiki ambao anwani zao za barua pepe zinarudi kwake mwenyewe. Anatuma, anajihakiki, anajisifu. Alikamatwa kwa sababu maoni yalikuwa yanarudi ndani ya saa 24. Mnaona? Kosa lake lilikuwa kuwahi. Hii sarafu yenu ya vipande, mimi na washkaji wangu sita tutahakikiana hadi tuwe matajiri. Mwaka 2014 SAGE walifuta makala 60 za jarida moja la mitetemo kwa ajili ya kikundi cha namna hiyo. Hindawi, Wiley waliinunua 2021 kwa dola milioni 298, kufika mwisho wa 2023 zaidi ya makala 8,000 zimefutwa, jina lenyewe wakalizika.

Binti Maabara

Kaka, jina lako unalitendea haki.

Mzee wa Kalamu Nyekundu

Mchongo amesema kwa dharau, ila amegusa penyewe. Tatizo la mwajiri na mwajiriwa wake ni kongwe: ukilipia kinachoonekana, kisichoonekana kinaachwa. Siku zinaonekana. Umakini hauonekani. Ukimlipa fundi kwa kuwahi, atakupigia plasta juu ya ukuta wenye nyufa, na nyufa utaziona masika.

Majaribio mapya yanasema hivyohivyo. Jarida moja la madaktari wa wagonjwa mahututi liliwaahidi baadhi ya wahakiki dola 250. Waliokubali mwaliko walikuwa asilimia 53, dhidi ya 48 ya wasioahidiwa kitu. Ripoti zikawahi kwa siku moja. Ubora haukutofautiana. Dola 250 zimenunua siku moja, wakuu! Biology Open la Uingereza wao walilipa pauni 220 kwa ripoti kwa wahakiki waliofungwa mkataba, wakafanikiwa kutoa jibu la kwanza ndani ya siku 7 za kazi. Mimi naamini hapo kilichofanya kazi ni mkataba zaidi ya pauni: watu wachache, wanajulikana, wamekubali mapema. Huo ni ukibarua wenye sura, si mwaliko unaotumwa kwa watu thelathini ukitegemea wawili watajibu.

Na hata mtu akiwa makini, macho ya wawili hayaoni kimoja. Mkutano wa akili unde uliokuwa ukiitwa NIPS ulifanya jaribio mwaka 2014: miswada 166 ilipelekwa kwa kamati mbili zisizojuana. Kama asilimia 57 ya miswada ambayo kamati moja iliipitisha, nyingine iliikataa. Zamani zaidi, 1982, Douglas Peters na Stephen Ceci walichukua makala 12 za saikolojia zilizokwisha chapishwa, wakabadilisha majina ya waandishi na vyuo, wakazirudisha kwenye majarida yaleyale yaliyozichapisha. Tatu tu ziligundulika. Kati ya tisa zilizobaki, nane zilikataliwa, tena kwa sababu ya mbinu dhaifu. Jarida limekataa mtoto wake wa kumzaa kwa kuwa amebadilishiwa jina la ukoo.

Mwana wa Forodhani

Assalaam alaykum. Nimesoma toka juu, nimechelewa kidogo, nilikuwa safarini.

Nizungumze na mie ya kwetu Kiswahili. Majarida yetu ya kitaaluma ni machache mno, Mulika na Kiswahili pale TATAKI, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mengine ya kuhesabu. Mtu akileta makala juu ya ushairi wa kale wa Pemba au Lamu, duniani wanaoweza kuihakiki kwa haki hawajai daladala. Wanatuficha majina, wanasema mwandishi asijuane na mhakiki. Wallahi mimi nikisoma aya ya kwanza najua nani kaandika, na najua skuli gani kamfunza. Naye akisoma ripoti yangu ananijua. Tunavaa barakoa za karatasi mbele ya watu wa nyumba moja.

Lakini hapo ndipo nataka niwapinge nyote. Bwana Mchongo anasema watu watadanganyana. Kweli, watadanganyana pahala wasipojuana. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, 2009, alizunguka dunia akatazama wavuvi, wachunga ng'ombe, watu wa mifereji. Wachumi walikuwa wakisema mali ya wote lazima iangamie, ama iuzwe kwa mtu ama ishikwe na serikali. Yeye akaona vijiji vilivyodumu karne na karne bila ya hayo mawili. Siri yake: mipaka ya wanachama inajulikana, wanaoangalia ni wao wenyewe, na adhabu inaanza ndogo halafu inapanda. Sisi tuna msaragambo. Usipotoka leo kuchimba mtaro hakuna anayekufunga. Kwanza unaulizwa unaumwa? Mara ya pili unatozwa. Mara ya tatu maji ya mtaro hayapiti kwako.

Kwa hivyo sarafu ya dunia nzima naiona ndoto. Lakini majarida kumi ya ukanda huu yakakaa pamoja, yakawa na daftari moja la nani kahakiki na nani kadoea, hilo lafanyika bila ya hata senti. Na huyo bwana wa Mtawara angelijulikana siku ya kwanza, maana ripoti ya Machi ingelikuwa kwenye daftari.

Wa Kenyatta Avenue

Huyu mzee wa Forodhani ametuacha wote kwa mataa. Hiyo ya ripoti kusafiri na mswada inapita sarafu. Mswada ukikataliwa huku, uende kule na maoni yake mgongoni. Mwandishi atarekebisha apende asipende, kwani mhariri wa pili ataona hakujibu.

Dkt wa Mchongo

Mgonjwa akibeba faili la daktari mbaya je? Mhakiki wa kwanza akiwa na chuki, sumu yake inakufuata kila hospitali. Mimi nitabadilisha kichwa cha makala na kuanza upya. Ni rahisi.

Mzee wa Kalamu Nyekundu

Ndiyo maana ripoti inatakiwa isomwe na wote, siyo mhariri tu. Sasa niwape kisa ninachokipenda kuliko vyote.

George Akerlof aliandika makala juu ya magari yaliyotumika. Muuzaji anajua gari lina ubovu gani, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, anatoa bei ya wastani. Mwenye gari zima anaona anaonewa, analitoa sokoni. Wanabaki wenye mikweche, bei inashuka tena, mwisho soko linajifia. Kila aliyewahi kununua IST ya mkononi hapa Dar akaambiwa "injini haijaguswa, mama alikuwa anaendea kanisani tu" anaielewa makala hiyo bila kuisoma. Akaipeleka majarida matatu, yote yakaikataa. Mawili yaliona ni mambo madogo mno, la tatu likasema kama hayo ni kweli basi uchumi ungekuwa kitu kingine. Jarida la nne likaichapisha 1970. Mwaka 2001 akapewa Nobel pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz.

Kwa hiyo makala iliyotufundisha soko linavyooza mnunuzi asipoona ndani, majarida matatu hayakuona ndani yake. Nacheka kila nikifikiria. Na uhakiki wenyewe ni soko la namna hiyohiyo. Ripoti nzuri na ripoti ya Mchongo zinafungiwa droo moja kwa mhariri. Hakuna mnunuzi anayezitofautisha, basi kwa nini nikeshe? Chuoni kwangu fomu ya kupanda cheo ina alama za makala, za kitabu, za kusimamia wanafunzi. Uhakiki una kisanduku kimoja cha "huduma kwa taaluma", ukiandika umehakiki mmoja au arobaini ni mstari uleule.

Zifungueni droo. Jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, tangu 1999 mhakiki anamwandikia mwandishi kwa jina lake. EMBO Journal tangu 2009 wanachapisha ripoti pamoja na makala. eLife wamekwenda mbali zaidi: tangu 2023 mhariri akishaamua mswada uhakikiwe, hakuna tena kukataliwa, makala inatoka na maoni ya wahakiki yakiwa wazi, msomaji ahukumu. Wameadhibiwa kwa hilo, kipimo chao cha makala kunukuliwa (impact factor) kikaondolewa 2024. Mchongo anaweza kuandika "mbinu zifafanuliwe" mara mia, lakini ziwe mia zilizobandikwa ukutani.

Binti Maabara

Mwalimu, ripoti iwe wazi, sawa. Jina je? Mimi nimwandikie profesa anayekaa kwenye kamati za ufadhili kwamba takwimu zake zina kasoro, chini nitie jina langu na chuo changu? Wanaume wazima kwenye uzi huu mmejificha nyuma ya majina ya bandia kuzungumzia korosho.

Nipo Jirani

😂😂😂 Dada kapiga msumari.

Mwana wa Forodhani

Na kweli. Ripoti iwe wazi, jina libaki kwa mhariri na kwenye daftari. Mwenye kutaka kulitia alitie.

Mzee wa Kalamu Nyekundu

Nimekubali, na deni la mtu mpya nalilipa hapohapo: mwanafunzi wa uzamivu ahakiki pamoja na msimamizi wake, majina yote mawili yaingie kwenye daftari. Inafanyika tayari kimyakimya, ripoti ngapi za maprofesa zimeandikwa na wanafunzi wao? Tofauti ni kuandika jina la aliyefanya kazi. Binti, ukiwa Dar nitafute, nina miswada miwili ya samaki ambayo siielewi.

Jambo moja lisipite hivihivi. Mwaka 2013 John Bohannon alitunga makala ya uongo juu ya dawa ya saratani itokanayo na kuvumwani (lichen), yenye makosa ambayo mwanafunzi wa kidato angeyaona, akaituma kwa majarida 304 yanayosomwa bure mtandaoni. 157 yakaikubali. Mmoja wa waandishi wa kubuni alimpa jina Ocorrafoo Cobange, wa taasisi isiyokuwepo, pale Asmara. Hoja yake naielewa, majarida ya kitapeli yapo na yanatula hela. Lakini alipotafuta majina ambayo mhariri asingeyashuku hata asipoyakuta mtandaoni, aliangalia huku kwetu. Nalikumbuka hilo kila nikihakiki kazi ya mtu wa kwetu, na ndiyo maana Mtawara alinila Jumapili mbili.

Wa Kenyatta Avenue

Sasa mwalimu, huo mswada wa korosho ulifanya nini nao?

Mzee wa Kalamu Nyekundu

Nilimwandikia mhariri kwamba nimewahi kuuhakiki kwa jarida lingine na haujabadilika, kama anaona si haki ampe mwingine. Akajibu baada ya dakika kumi na mbili: leta tu ulichonacho. Nikatoa ripoti ya Machi, nikarekebisha namba za kurasa kwa kuwa mwandishi kakuza maandishi, nikaongeza mstari mmoja juu: "Maoni haya yalitolewa kwa mswada huuhuu mwezi Machi." Jumla dakika ishirini na tano, nikarudi kwenye mitihani.

Leo asubuhi mfumo umeniletea cheti cha PDF cha kunishukuru kwa uhakiki wa haraka. Jina langu wamelikosea.